Kituo cha Mlandege

Jumatatu tarehe 26 Julai 1976, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwantumu binti Alawi alikuwa ameketi kwenye mkeka katika ukumbi wa nyumba yake ya Mlandege, mjini Iringa, anachambua mchele wa Usangu. Mawe aliyatupa kulia, chuya kushoto. Ilikuwa siku ya themanini na nne ya eda yake. Alivaa nguo nyeupe, hakujitia marashi wala wanja, na tangu mumewe Makame azikwe alikuwa hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele.

Hodi ikapigwa. Wifi yake, Mwanakhamisi, aliyekuja kutoka Unguja kumsimamia katika eda, akaenda kufungua. Nje walisimama watu wawili: Ezekia, fundi wa ofisi ya leseni za redio, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, na mgambo mmoja aliyebeba kamba.

“Kamwene,” alisema Ezekia.

“Kamwene. Mnamtaka nani?”

“Tumekuja kuchukua redio ya upepo. Leseni imefutwa.”

“Mwenyewe yuko eda. Haonani na wanaume.”

“Hatukuja kumwona yeye, mama. Tumekuja kuona redio.”

Mwanakhamisi alishusha pazia la chumbani, na Mwantumu akahamia nyuma yake pamoja na ungo wake. Akiwa huko aliwasikia wakifungua nati za betri, wakitoa seti mezani, kisha wakienda uani kukata waya wa antena uliofungwa kati ya milingoti miwili ya mkaratusi. Seti ilikuwa ya kijivu, kubwa kama sanduku la nguo. Walibeba seti, betri, waya, kipaza sauti na kitambaa cha kufuma kilichokuwa juu ya seti. Mwanakhamisi aliwafuata hadi barabarani akakirudisha kitambaa.

Mwantumu alimaliza kuchambua mchele.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Makame alifariki tarehe 3 Mei, kwa kifua kilichomsumbua miaka miwili. Aliacha mke, malori mawili, na leseni ya redio ya upepo yenye vituo vitatu: Mlandege, Ilomba kule Mbeya, na Makongolosi kwenye dhahabu. Malori yalichukua mchele wa Igurusi na kuwapelekea wachimbaji, na barabara ya Chunya ilikuwa ikifungwa na ukungu au utelezi bila taarifa. Kwa hiyo kila siku, saa moja asubuhi na saa nane mchana, saa zilizoandikwa kwenye leseni, vituo vitatu viliitana na kuambiana gari liko wapi, njia ikoje, na mchele unatakiwa wapi. Kwa miaka sita aliyekaa kwenye redio hiyo alikuwa Mwantumu. Makame alitia saini.

Baada ya mazishi Mwantumu aliiandikia ofisi ya leseni kuomba jina libadilishwe. Ofisi ilijibu tarehe 24 Mei kwamba mwombaji afike Mbeya, yeye mwenyewe, katika muda wa siku sitini. Mwantumu akaandika tena: yuko eda, eda ni miezi minne na siku kumi, na ikiisha tu atafika. Hakujibiwa. Barua aliyoleta Ezekia ilisema kwamba mwombaji hakufika.

Alichotaka ni kitu kimoja, leseni iandikwe jina lake. Bila leseni hakuna redio, na bila redio malori mawili ni vyuma vyenye matairi. Alilijua hilo kama alivyojua kiasi cha chumvi ya sufuria la wali. Lakini alipokaa kulifikiria, halikumuuma. Tangu Mei hakuna kilichomuuma. Alikuwa kama mguu uliolaliwa usiku kucha, unaouona ni wako lakini ukiufinya hausemi kitu.

Saa nane mchana siku ile ile alikuwa uani anakoroga mboga, na Mwanakhamisi amekalia mbuzi anakuna nazi, ndipo sauti ya mwanamume ikatoka kifuani mwa Mwantumu.

“Mlandege, Mlandege, hapa Makongolosi. Mayu, unanipata? Ova.”

Ilikuwa sauti ya Seni, dereva wake, Msukuma wa Usangu ambaye kila mwanamke aliyemzidi umri alimwita mama kwa lugha ya kwao. Ilitokea chini kidogo ya shingo, pale mifupa miwili inapokutana, ikiwa na mikwaruzo yake ya siku zote. Mwantumu alisubiri aite mara ya pili, maana ndiyo taratibu. Seni akaita mara ya pili. Mwantumu akaweka mwiko chini, akabonyeza kwa kidole pale sauti ilipotoka, akajibu.

“Nakupata, Makongolosi. Sema. Ova.”

“Nimeshusha magunia arobaini. Breki ya nyuma inalia. Ova.”

“Inalia tangu wapi? Ova.”

“Tangu Chunya. Ova.”

“Usipande mlima kabla fundi hajaiona. Ova.”

“Nimekuelewa, mayu. Ova na mwisho.”

Mwanakhamisi alikuwa ameacha kukuna.

“Wifi, ndani yako mna mwanamume?”

“Ni Seni. Yuko Makongolosi.”

“Mwambie apunguze sauti. Majirani watasema mjane wa Makame anakohoa kiume.”

Jambo hilo lilimkera Mwanakhamisi hadi jioni. Lililomkera ni eda, hayo mengine aliyaacha yalivyo. Baada ya alasiri alivaa buibui lake akaenda kwa shehe wa msikiti wa jirani, akamweleza. Shehe aliuliza kama sauti zinakuja zenyewe au zinaitwa. Aliuliza kama zinapotoka nguo inafunuliwa. Alipojibiwa, alisema sauti ya mwanamume inayojileta yenyewe haivunji eda, ilimradi mazungumzo yawe ya mizigo na barabara, na awepo mtu mzima wa kusikiliza. Tangu siku hiyo Mwanakhamisi alihudhuria kila mara, saa moja na saa nane, akiwa na tasbihi yake, na baada ya wiki moja alijua majina ya vilima vyote vya njia ya Chunya.

Kama ilivyo kwa kila mtambo, palikuwa na mambo ya kujifunza. Siku ya mawingu Makongolosi alisikika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mwantumu akishika kamba ya kuanikia nguo, ambayo ilikuwa waya, alisikika safi, kwa hiyo alianza kufua nyakati hizo. Radi ikipiga upande wa Kilolo alikohoa. Kila baada ya siku nne Mwantumu aliishiwa nguvu na sauti ya Helena, mwanamke aliyekaa kwenye kituo cha Ilomba, ikawa nyembamba kama ya mbu. Mwanakhamisi alimpa uji wa ulezi na kumketisha juani hadi saa sita, naye akarudi sawa. Seti za Ilomba na Makongolosi zilikuwa hazijachukuliwa. Gari la ofisi halikuwa na mafuta.

Mchele ulitoka Igurusi. Malori yalikwenda na kurudi. Majirani waliokuwa na ndugu Mbeya walipitia uani kuagiza salamu, na Mwantumu aliwakatalia, kwa sababu leseni ilikuwa ya biashara.

Makame hakuita hata siku moja. Baada ya saa nane, Ilomba na Makongolosi wakishafunga, Mwantumu aliacha kidole chake pale pale kwa dakika kadhaa na kusikiliza mikwaruzo. Hakumlaumu. Makame alikuwa mtu wa kufuata sheria. Asingezungumza hewani bila leseni.

Wiki ya pili ya Agosti, Ezekia alirudi Mlandege. Safari hii alikuwa na kisanduku chenye mshale na duara la waya la kunasia mawimbi. Alizunguka mtaa mzima akifuata mshale, akaingia uani, akasimama mbele ya kamba ya nguo. Mwanakhamisi alimtundikia Mwantumu shuka kwenye kamba ile ile, na Ezekia akapima kupitia shukani.

“Mama, hebu hesabu.”

“Moja, mbili, tatu, nne.”

“Inatosha.” Aliandika. “Mama, masafa yako hayayumbi hata kidogo. Ile seti yenu ya zamani ilikuwa ikiyumba kila jua likiwaka.”

“Nilikuwa nawaambia, wakisema ni betri.”

“Haikuwa betri.” Ezekia alifunga kisanduku. Kwenye fomu alikuwa ameandika: *Mtambo mmoja, mwili wa mtu, mwanamke, hali nzuri.* “Ila lazima nikwambie, mama. Haya masafa yana mwenyewe. Amepewa Bwana Liberatus wa Mbeya, mwenye malori. Aliomba siku ya sitini na moja.”

Mwantumu alikuwa anamkumbuka Bwana Liberatus. Alikuja matangani na gunia la sukari, akakaa jamvini pamoja na wanaume wengine, akala vizuri, akauliza redio ya marehemu ilikuwa ikifanya kazi saa ngapi na saa ngapi. Akaambiwa. Nani angemficha mtu jambo kama hilo matangani?

“Chai, fundi?” aliuliza Mwanakhamisi.

“Nitashukuru, mama.”

Kuanzia wiki iliyofuata, Liberatus naye alianza kutoka kifuani mwa Mwantumu. Alikuwa amefunga seti zake, moja mjini Mbeya na nyingine Makongolosi, na alitumia saa zile zile. Helena akiita, Liberatus anaita. Seni akieleza habari za breki, mtu mwingine anaeleza habari za turubai. Mwantumu alilala na ladha ya misumari mdomoni. Alimwomba Helena asubiri dakika tano kila kipindi, mpaka Liberatus amalize.

Jumatatu tarehe 23 Agosti, saa nane na dakika tano, alikuwa ameshika kamba ya nguo akisubiri zamu yake. Liberatus alikuwa anazungumza kutoka Makongolosi. Aliyemjibu kutoka Mbeya hakuwa karani wake wa kila siku. Alikuwa mtu mwenye sauti ya upole, na Liberatus alimwita Sedekia. Bwana Sedekia ndiye aliyetia saini barua zote za ofisi ya leseni.

“Na yule mama wa Iringa hatasumbua? Ova,” aliuliza Liberatus.

“Atasumbuaje? Kanuni inatoa miezi sita. Mimi niliandika siku sitini. Uliponiambia yuko eda nikajua hatafika. Ova.”

“Wewe ni mtu. Saruji yako ya Uyole nitaipakia wiki hii. Ova.”

Maneno hayo yalipita kifuani mwa Mwantumu moja baada ya jingine, yakatoka, yakaenda zake. Mwanakhamisi aliyasikia yote, akiwa na kifuu mkononi.

“Umesikia, wifi?”

“Nimesikia.”

“Utafanyaje?”

“Zimebaki siku kumi na sita,” alisema Mwantumu. “Nikimaliza nitafika mwenyewe.”

Dakika tano zilipoisha alimwita Helena, akauliza habari za magunia.

Wito wa ofisi ya leseni ulifika mwanzoni mwa Septemba. Mwantumu binti Alawi alitakiwa kujibu shtaka la kutumia masafa ya mtu mwingine bila leseni. Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeshaanza. Mwanakhamisi alikwenda tena kwa shehe kuuliza kama kutoa sauti za watu kifuani kunafunguza saumu. Shehe alisema kinachofunguza ni kinachoingia, akamwomba asirudi kabla ya Idi.

Eda iliisha Jumatano tarehe 8 Septemba. Mwanakhamisi alimwogesha Mwantumu, akamvua nguo nyeupe, akamvalisha kanga mpya na buibui. Mwantumu alisubiri ahisi kitu alipovuka kizingiti. Alihisi ngazi.

Alhamisi walipanda basi la alfajiri la Mbeya. Ilipofika saa moja, Helena aliita kama kawaida. Mwanamume wa kiti cha mbele aligeuka.

“Dada, hebu muulize kama ukungu umeondoka Uyole.”

“Hii ni redio ya biashara.”

“Na mimi nakwenda kwenye biashara.”

Mwantumu aliuliza. Helena alisema umeondoka. Mwanamume akashukuru, akalala.

Walilala kwa Helena, Ilomba, katika nyumba ile ile yenye kituo. Helena alikuwa Mnyakyusa mwenye mwili mkubwa, na katika miaka sita ya kuzungumza kila siku hawakuwa wameonana hata mara moja. Walitazamana mlangoni.

“Nilidhani wewe ni mrefu,” alisema Helena.

“Na mimi nilidhani wewe ni mwembamba.”

Kulipokucha walijaribu kufungua kituo kama kawaida, lakini Mwantumu na seti walikuwa karibu mno, wakapigiana mluzi hadi mbwa wa jirani wakabweka.

“Mama, sogea mpaka kwenye migomba,” alisema Helena. “Ukiwa hapa ndani tutapasuka masikio.”

Mwantumu alisogea migombani, wakaelewana vizuri.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikaa kwenye benchi la ofisi ya leseni, Mwanakhamisi pembeni yake, bahasha ya vyeti mapajani. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, kadi za malori, nakala za barua zake zote, na barua ya shehe kuthibitisha tarehe za eda. Watu waliitwa, wakaingia, wakatoka. Waliofika baada yake waliitwa kabla yake. Aliitwa saa nane kasorobo.

Bwana Sedekia alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Karani wa mashine alikuwa pembeni akipiga chapa, na Ezekia alisimama karibu na kabati, kofia mkononi.

“Mama, pole na msiba.”

“Ahsante. Nimefika mwenyewe.”

“Naona.”

“Naomba leseni ya vituo vyangu.”

“Ile ilifutwa.”

“Ilifutwa kwa sababu sikufika. Sasa nimefika.”

“Kufika kuna siku zake, mama.”

“Kanuni inatoa miezi sita. Leo ni miezi minne na siku saba tangu mume wangu afariki.”

Bwana Sedekia alichomoa kalamu moja, akaiweka mezani. “Nani kakwambia habari za miezi sita?”

“Wewe. Tarehe ishirini na tatu Agosti, saa nane na dakika tano.”

“Nilikwambia wapi?”

“Kifuani kwangu.”

“Na mimi nilikuwepo,” alisema Mwanakhamisi. “Nilikuwa nakuna nazi.”

Bwana Sedekia hakukana. Alivuta karatasi, akaandika mistari miwili polepole, kwa mwandiko mzuri.

“Kusikiliza mazungumzo ya mwenye leseni bila idhini yake ni kosa la pili,” alisema. “Naandika kwamba umekiri.”

“Andika na ulichokisema.”

“Nilichokisema kilisikika kwa njia ya makosa. Hakiandikiki.”

Mwantumu alimtazama. Alikuwa na maneno aliyoyapanga siku kumi na nane, juu ya ungo, juu ya maji ya kufulia. Aliyatafuta, akayakuta yamekaa kwa mpangilio, baridi, kila moja mahali pake, na hakuna hata moja lililotaka kutoka. Saa ya ukutani ikafika nane.

“Mbeya, Mbeya, hapa Makongolosi,” kifua chake kikasema kwa sauti ya Liberatus. “Kama Sedekia yupo mwambie saruji imeshuka Uyole tangu jana. Mifuko miwili imepasuka. Ova.”

Karani wa mashine alimaliza mstari, akarudisha gurudumu, akaendelea na mstari mwingine.

Liberatus aliita tena. Bwana Sedekia aliinuka, akazunguka meza, akasimama kwa adabu hatua mbili kutoka kwa Mwantumu.

“Nabonyeza wapi?” aliuliza.

“Hubonyezi popote,” alisema Mwanakhamisi. “Anabonyeza mwenyewe.”

Mwantumu angeweza kuiacha mikono yake mapajani. Baadaye alifikiri sana juu ya hilo, kwa jinsi alivyokuwa akifikiri siku hizo, kama mtu anayetazama mvua ya mtaa mwingine. Lakini kwa miaka sita hakuwa ameacha kituo kiite mara ya tatu bila kujibiwa. Palikuwa na ukungu, palikuwa na milima, na mtu aliyekuwa upande wa pili hakuwa na njia nyingine ya kujua. Kidole kilipanda chenyewe.

“Liberatus, niko kazini,” alisema Bwana Sedekia, akiinama kidogo. “Hiyo mifuko iliyopasuka waifunike. Ova na mwisho.”

Akarudi kitini. Alionekana kama mtu aliyejaribu viatu vikamkaa.

“Ezekia, ulisema hauyumbi?”

“Hauyumbi, mkuu. Sijawahi kuona mtambo unaotulia namna hii.”

Bwana Sedekia alifungua kitabu cha kanuni, akapekua, akasoma kwa sauti. Mtambo wowote utakaokutwa hewani bila leseni yake wenyewe utaandikishwa chini ya leseni ya mwenye masafa. Akapiga mstari kwenye yale aliyoandika awali.

“Basi habari njema, mama. Mashtaka yote mawili yamefutwa. Mtambo haushtakiwi.”

“Na leseni?”

“Leseni inapewa mtu, mama. Haipewi mtambo.”

Kituo cha Mlandege kiliandikishwa siku hiyo kwa jina la Bwana Liberatus. Ezekia alitoa kwenye kabati sili, kipande cha madini ya risasi chenye namba, kilichotungwa kwenye uzi mwekundu, kile kinachofungwa kwenye seti zilizokaguliwa. Mwanakhamisi alimnyang'anya, akamfunga wifi yake yeye mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, maana Ezekia hakuwa maharimu wake.

“Usikaze sana,” alisema Mwantumu.

“Nimeacha nafasi ya kidole.”

Seti ya Ilomba na ile ya Makongolosi zilihamia kwa Liberatus mwezi wa Oktoba, gari la ofisi lilipopata mafuta. Helena alihamia pamoja na seti yake, bila kutoka Ilomba. Seni aliita Jumamosi moja, saa moja asubuhi.

“Mlandege, hapa Makongolosi. Mayu, na mimi nimekwenda kwa Liberatus. Yeye ndiye mwenye redio. Ova.”

“Nakupata. Ova.”

“Usinikasirikie. Ova.”

“Sijakasirika. Breki ya nyuma umeitengeneza? Ova.”

“Hii ni gari nyingine, mayu. Breki yake nzima. Ova.”

“Haya. Nenda salama. Ova na mwisho.”

Malori mawili ya marehemu Makame yaliwekwa juu ya mawe kando ya nyumba. Kuku waliingia kwenye kiti cha dereva wakataga. Bwana Liberatus alileta kiti cha mbao chenye mto, kwa sababu aliona si vizuri kituo chake kikae mkekani, na akaleta waya mpya wa kuanikia nguo, wa shaba. Makongolosi akawa anasikika kama yuko chumba cha pili. Mwanakhamisi hakurudi Unguja. Alisema hawezi kumwacha wifi yake peke yake na wanaume wote wale.

Baada ya saa nane, Mwantumu bado aliacha kidole pale pale kwa dakika kadhaa. Leseni sasa ilikuwepo, lakini haikuwa na jina la Makame, na marehemu alikuwa mtu wa kufuata sheria.

Jumatatu tarehe 25 Julai 1977, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwantumu alikuwa ukumbini anachambua mchele. Hodi ikapigwa. Alikuwa Ezekia, na kofia yake ya sufu, na kisanduku chake chenye mshale.

“Kamwene, mama. Nimekuja kwa ukaguzi wa mwaka.”

“Umetoka Mbeya kwa ajili hiyo?”

“Nimelala Makambako. Pale Igawa gari lilitusumbua.”

Mwantumu aliuweka ungo kando. “Mimi nilijua lazima mtu afike Mbeya mwenyewe.”

“Hapana, mama,” alisema Ezekia, akitafuta mahali pa kuweka kisanduku. “Hiyo ni kwa watu. Mtambo unafuatwa pale ulipo.”

Alitazama uzi, akasoma namba, akaandika kwamba sili haijaguswa. Mwanakhamisi akaenda kuchemsha chai. Kisha wote wakatoka uani, na Ezekia akamwomba Mwantumu ajaribu.

Mwantumu alishika waya kwa mkono wa kushoto, akaweka kidole cha mkono wa kulia chini ya shingo.

“Ilomba, Ilomba, hapa Mlandege. Unanipata? Ova.”

“Nakupata vizuri sana, Mlandege,” alisema Helena, aliyeagizwa akae kwenye redio asubuhi hiyo kwa ajili ya ukaguzi. “Sema. Ova.”

Mshale ulikuwa umesimama katikati. Ezekia alisubiri aendelee, lakini Mwantumu hakuwa na mzigo wa kutaja, na Ezekia akaandika kwamba mtambo unafanya kazi.